Kustaafia Kusini: tumfikirie atakayebaki

Mtumishi anayekaribia miaka 60 hupewa ushauri uleule: mafao yakitoka, iache Dar, tafuta wilaya tulivu, jenga, lima, pumzika. Mtwara na Lindi hutajwa sana, na kwa haki. Mkupuo, yaani fedha inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, sasa ni asilimia 40 ya mafao kwa baadhi ya wastaafu na 35 kwa wengine; kinachobaki huja kidogokidogo kila mwezi. Pensheni inayokwisha wiki mbili jijini, Mtama au Nachingwea inafika mbali. Muhogo, mbaazi na kuku wapo, na ukikaa pwani ya Mikindani au Kilwa samaki unamnunua kwa mvuvi mwenyewe. Usiku watu wanalala.

Ugumu nao upo. Mei 2024 mvua ziliikata barabara ya Dar eneo la Somanga, na Kusini yote ikakwama. Huko Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni kazi: nyumba iliyojengwa kwa akili ina mabomba ya kukinga mvua kutoka batini hadi kwenye kisima kilichosakafiwa uani, na isiyo nacho hununua maji kwa ndoo. Atakayejenga huko aanze na kisima, sebule itasubiri.

Halafu korosho. Wengi huhesabu mikorosho kama pensheni ya pili. Salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu wa mikorosho, hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, na mpuliziaji hutoka shambani unga wa manjano umemkaa nyusini. Mzee wa miaka 65 hatafanya hivyo kila msimu. Atalipa vibarua, kisha asubiri mnada na malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mikorosho inalipa, ila kuzika mkupuo wote humo mwaka wa kwanza ni hatari.

Hospitali ndiyo inayopima wilaya. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwenye lami ya kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi kwenda Masasi kuna Nyangao na Ndanda, hospitali za misheni zinazoheshimika. Mwenye presha au sukari anayekwenda kujenga ndani kabisa Liwale kwa sababu kiwanja ni rahisi nafuu hiyo ataimaliza kwa nauli, hasa masika.

Lakini linalonisumbua zaidi halizungumzwi: wanandoa wawili wakihamia kijijini, siku moja atabaki mmoja. Mara nyingi mume ndiye anayerudi kwao, na mke ni mgeni aliyetoka Moshi au Tanga. Kwa desturi za Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Wapwa wa marehemu wanaweza kuja baada ya arobaini na kuuliza shamba la mjomba, na mjane aliyelipalilia miaka kumi akawa hana wa kumsemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, ila haki hiyo ni rahisi kuitetea ikiwa imeandikwa. Hati ya hakimiliki ya kimila ibebe majina yote mawili, na ndugu wa mume walijue hilo mapema, mbele ya halmashauri ya kijiji.

Mimi ningechagua kando ya ile lami, kati ya Mtama na Masasi. Ningepanga nyumba kwanza, niione masika nzima, nione pia kama mwenzangu amepata rafiki wa kwenda naye msikitini au kanisani, ndipo nilipie kiwanja. Na ikiwa mke ana genge lake Mbagala, wajukuu wako mtaa wa pili na kikoba chake humsaidia kwenye misiba na maradhi, basi nyumba kuu ibaki Mbagala, na Kusini waende msimu wa korosho.