Msitu upo, watoto wa miti ndio hawapo

Ukipanda Amani kutokea Muheza, ukishaingia kwenye chai utaona vipande vya msitu vimebaki huku na huku, miti mirefu imesimama vizuri tu, na abiria mwenzako atakwambia "si unaona, msitu bado upo". Simlaumu, hata mimi nilikuwa nasema hivyohivyo, na nikiulizwa mbegu zinavukaje chai nilikuwa najibu ndege wana mabawa bwana.

Na hoja ya mabawa sio ya kipuuzi. Kule Kakamega, Kenya, utafiti wa 2006 uliangalia Prunus africana, ule mti ambao gome lake linatengenezewa dawa ya tezi dume, wakakuta kwenye vipande na sehemu zilizochokonolewa ndege wanaobeba mbegu zake hawajapungua, tena wamezidi kidogo. Sawa. Ila tunda lile ni dogo na linaliwa na ndege wengi, hata wale wanaozoea mashambani.

Huku Usambara Mashariki, kwenye milima hii ya Amani, habari ni nyingine. Mwaka 2001 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walitoa hesabu ya miche na miti michanga ya aina 31 zinazotegemea ndege na wanyama kubeba mbegu, na kwenye msitu mkubwa pamoja na vipande vya hekta 30 kwenda juu ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile ya vipande vya hekta 10 kushuka. Mara tatu! Mtu atasema labda udongo umechoka, labda jua la pembeni linakausha, labda watu wa kuni. Haya, ila walihesabu pia aina 8 ambazo mbegu zake zinapeperushwa na upepo au zinadondoka tu zenyewe, na hizo hazikutikisika. Hapo ndipo huwa nashindwa kubisha, maana hilo jua lingejuaje kuchagua miti ya ndege peke yake ikaiacha ya upepo?

Miaka miwili baadaye wakauchunguza mti mmoja, Leptonychia usambarensis. Kwenye vipande vidogo ndege wanaobeba mbegu zake ni wa kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mbegu zinaangukia chini ya mti mama na miche inabanana hapohapo kama mchicha kwenye tuta, ukisogea zaidi ya mita 10 inakuwa michache. Wengi wa ndege hawa ni wa kivulini, uwazi wa chai hawaupendi. Hondohondo yeye anavuka bila shida, lakini ndiye huyohuyo anayetusambazia msizi, mti wa kuletwa ambao tayari umejaa kila mahali.

Sasa ukisema tuunganishe vipande, jua kuna mtu analipa. Pale Derema, hukuhuku Usambara Mashariki, wakulima waliachia iliki zao ili msitu uungane, na fidia ya mazao ni hela ya mara moja wakati iliki unavuna kila mwaka, kwa hiyo mtu wa pale akinuna ukimtajia ndege namwelewa kabisa. Ndio maana mimi ningeanzia kwenye chai, shamba la mwenyewe mmoja, mistari kadhaa ya miti ya asili kufuata vijito mpaka kipande kigusane na kipande. Na isiwe msizi, tafadhali.