Mgeni wa Bahama

Shemeji yangu hapa Miami ana ugonjwa wa kutazama ndege wa porini. Jumamosi watu wanakwenda ufukweni, yeye anabeba darubini. Kwa miaka miwili kaniimbia habari za ndege aitwaye mwigaji wa Bahama (Waingereza humwita mockingbird), ambaye huvuka bahari kwa nadra kuja kusini mwa Florida, na ambaye yeye hajamtia machoni. Hawa tulio nao ni waigaji wa kaskazini, ndege rasmi wa jimbo tangu 1927, hakuna uzio usio na mmoja. Wa mtaani kwetu anaiga king'ora cha gari saa nane za usiku.

Kuwatofautisha, aliniambia, wala si kazi: wa Bahama ni mkubwa zaidi, kaelekea kahawia, ana michirizi ubavuni, na bawani hana lile baka kubwa jeupe ambalo wa kaskazini akiruka linamulika kama leso.

Basi Jumapili natupa taka, namwona kichakani: kahawia kahawia, kifua kimejaa madoa, mabawa kayafumba. Nikatuma ujumbe: "Shem, Bahama yuko nyuma ya nyumba. Njoo na darubini, na soda." Nikainama kumpiga picha, karibu kabisa, mpaka naona kona za mdomo wake za njano. (Njano ile ilikuwa ya utoto, lakini nani alikuwa na akili ya kujiuliza?)

Kofi la kwanza lilinipata kisogoni. Nikadhani mwenye nyumba, kodi ilikuwa imechelewa. Kugeuka, mabawa mawili haya hapa usoni, na kila bawa lina baka jeupe pee! Mama mtu, au baba mtu, sikuuliza. Kumbe makinda ya kaskazini ndiyo yenye madoa kifuani, nayo hutoka kiotani kabla hayajajua kuruka sawasawa.

Shemeji alifika akanikuta nimejikinga na mfuniko wa pipa.

"Shem," akasema, darubini machoni, yuko hatua tano, "namwona vizuri sana."

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba ndege hawa humtambua mtu aliyewahi kusumbua kiota chao, na kuwaacha wapita njia wengine. Mimi sikuhitaji utafiti. Wiki nzima mke wangu alipita pale na kapu la nguo, salama. Nikitokeza pua mimi, vita.

Jumatano nikajitanda kanga yake hadi kichwani, nikatoka na taka.

"Buenos días, señora," akanisalimia jirani, Mcuba: habari za asubuhi, bibi.

Ndege hakudanganyika.