Kichanga wa siku 3 hakumaliza dozi gani?

Juzi kwenye redio nimemsikia mgeni mmoja akiongelea usugu wa dawa, muda wote aliopewa ni kuwasema wananchi tu, hawamalizi dozi, wananunua vidonge viwili viwili duka la dawa, wanakunywa antibayotiki kwa mafua. Haya, yapo, mtaani kwetu nayaona kila siku. Ila hospitali yenyewe hakuitaja hata mara moja, na hapo ndipo nilipokereka.

Maana mtoto njiti kazaliwa Jumatatu, Alhamisi kwenye damu yake kuna bakteria aitwaye Klebsiella, asiyesikia antibayotiki za seftriaksoni wala jenta (gentamisini). Yeye dozi gani hakumaliza? Bakteria yule alikuwa sugu kabla mtoto hajazaliwa, na mara nyingi kamkuta humohumo wodini, kwenye mikono yetu, kwenye kanyula (kile kibomba cha kupitishia dawa kwenye mshipa), kwenye mpira wa kufyonzea makohozi.

Wengi bado wanaamini mwili ndio unazoea dawa. Mwili hauhusiki jamani, ni jeni za bakteria. Inayotusumbua sana huku ni CTX-M-15, inamwezesha bakteria kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni kabla haijamdhuru. Na mara nyingi jeni hiyo iko kwenye plasmidi, kipande cha DNA cha mviringo ambacho bakteria anampa mwenzake wakishikana, hata wa aina nyingine kabisa, E. coli anampa Klebsiella. Tena plasmidi hiyohiyo mara nyingi imebeba na jeni za kuikataa jenta na septrini, kwa hiyo wodi ikitumia jenta peke yake bado inawaacha hai wale wanaoikataa na seftriaksoni, wanazaana, wanahamia kitanda cha pili.

Na siyo habari mpya. Utafiti uliofanyika Muhimbili mwaka 2001 hadi 2002 ulikuta watoto waliougua bakteria wa namna hii kwenye damu, asilimia 71 walifariki. Miaka zaidi ya 20! Siku hizi tunakimbilia meropenemu, antibayotiki kali zaidi ambayo ni ghali, na yenyewe jeni ya NDM-1 inaivunja, Nairobi iliripotiwa tangu 2011.

Niliwahi kumuuguza mtoto wa dada kwenye wodi moja, sinki lipo, koki imezungushiwa plasta, maji hayatoki. Nesi mmoja vitanda vyote vyake, ananawa kwa maji ya kidumu tulichobeba sisi ndugu wa wagonjwa, yakiisha anaendelea na kazi hivyohivyo, afanyeje? Simlaumu hata kidogo. Hapo plasmidi inasafiri bure, na hakuna mwananchi aliyekatisha dozi.

Maabara za kuotesha damu, yaani kujua ni bakteria gani na dawa gani inamuua, nazo ni chache, daktari anabaki kubahatisha dawa.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati ya hospitali au bodi ya kituo cha afya, kikao kijacho naomba uulize wodi ya watoto wachanga inapata maji siku ngapi kwa wiki, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.