Mama Mkwe wa Safu Mbili

Kazi ya kusahihisha vitabu vilivyopigwa skani haina mshahara wala sifa, na jamaa zangu hapa Nairobi wameshachoka kuniuliza faida yake. Kikundi chetu cha kujitolea hufuata utaratibu wa Distributed Proofreaders, mradi ulioanzishwa na Charles Franks mwaka 2000 ili kusaidia Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya bure: kitabu hugawanywa ukurasa kwa ukurasa, picha ya ukurasa huwekwa kando ya maandishi yaliyotambuliwa na kompyuta, na watu tofauti huyalinganisha neno kwa neno kabla ya wengine kushughulikia vichwa vya sura, herufi za mlazo na mashairi. Haturuhusiwi kumrekebisha mwandishi. Akiandika upuuzi, upuuzi wake unabaki. Tunaouwinda ni upuuzi wa kompyuta, ambayo chapa ikififia huiona b kuwa h, hata nikawahi kusoma taarifa ya mazishi ya "haha mzazi" wa watoto sita.

Hayo ni madogo. Balaa ni ukurasa wenye safu mbili, kwa sababu kompyuta isipozitambua husoma kila mstari moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia kana kwamba ni safu moja.

Jioni moja nilipanda matatu mjini kuelekea Kangemi, nikiwa nimeagiza simu inisomee kurasa za jarida kuukuu, kwa maana sikio hunasa makosa ambayo jicho limeyazoea. Safu ya kushoto ilifundisha adabu za kumpokea mama mkwe. Ya kulia, namna ya kuogesha ng'ombe kwenye josho. Tulipokwama katika foleni ya Waiyaki Way, spika zangu za masikioni ziliisha chaji, na simu, iliyokuwa mfukoni chini ya kikapu cha vifaranga nilichoombwa na jirani wa kiti nimpakatie, ikaendelea kusoma kwa sauti yake yote:

"Mama mkwe afikapo mlangoni, mfunge kamba miguu yote minne. Umkaribishe kwa uso mkunjufu, na umtumbukize katika josho hadi shingoni. Muulize habari za safari, ukimkagua kupe nyuma ya masikio."

Makanga alizima muziki ili asikie vizuri. Mwenye vifaranga, mama wa makamo aliyejifunga leso mbili, alinigeukia taratibu.

"Kijana, umeoa?"

"Bado, mama."

"Na usioe."

Nilijaribu kumweleza habari za safu na mashine, lakini kila nilipoinua kikapu ili nifikie mfuko, vifaranga walipiga kelele, naye akanishika mkono na kuniamuru nitulie. Mzee mmoja wa kiti cha nyuma aliuliza jarida hilo linauzwa wapi. Nilipofanikiwa hatimaye kuinyamazisha simu, abiria walilalamika, na huyo mama ndiye aliyelalamika kuliko wote.

"Iwashe, mwanangu. Nataka kujua kama baada ya josho hupewa hata chai."

Nikaiwasha. Alipewa majani makavu na mazungumzo ya upole.

Tulipofika Kangemi, makanga, kwa heshima zote, alimnyoshea mkono amsaidie kushuka. Mama akaupiga kofi mkono ule.

"Niache! Nitashuka kwa miguu yangu, na ni miwili tu."