Keki ya dada na mgongo wa buku mbili

Ilikuwa masika ya 2018, Aprili, siku ya Jumamosi. Dada yangu ana kichen pati Magomeni na mimi nimepewa kazi moja, narudia moja tu, kuchukua keki Kariakoo niifikishe kabla ya saa tisa. Asubuhi mama ananiambia TMA, wale watu wa hali ya hewa, wametoa tahadhari ya mvua kubwa, wahi mwanangu. Mimi nikacheka. Jua la Kariakoo siku hiyo linawaka mpaka unahisi nywele zinaungua, muuza maji ya baridi anakimbiliwa kama mtu wa mikopo, nikasema mvua ipi mama, mimi mtoto wa mjini mvua naijua kwa harufu.

Kumbe mvua inanyesha Kisarawe. Na Mto Msimbazi kwao ni huko huko, vilima vya Pugu na Kisarawe, ukinyeshewa usiku basi mchana unakuta umeshafika Jangwani, we huku unajisifia jua. Nafika Faya na boksi langu, mwendokasi hakuna, Barabara ya Morogoro imefungwa, nasogea kwa mguu mpaka Jangwani mbele yangu naona ziwa, rangi ya chai ya maziwa, godoro la mtu linapita taratibu linaelekea baharini.

Ukingoni pale biashara imechangamka. Mkokoteni buku, mgongo buku mbili. Mkokoteni umejaa akina mama na matenga ya nyanya, nikajiuliza keki ya ghorofa mbili naikalisha wapi. Akatokea kijana mmoja mfupi hivi majini, maji yamemfika kiunoni, ananiambia braza humu kina kirefu usijaribu mwenyewe, watu wanazama. Nikamwonea na huruma. Nikaifunga simu kwenye Rambo, mfuko wa plastiki (zilikuwepo bado, zilikuja kupigwa marufuku Juni 2019) nikapanda.

Sasa nichoree hiyo picha: baba mzima kilo themanini na kitu, shati jeupe, moka, niko mgongoni kwa mtu na keki nimeituliza juu ya kichwa chake.

Katikati ya maji akasimama.

"Braza, humo kwenye boksi mna nini?"

"Keki."

"Ahaa. Sasa keki si mzigo? Mzigo una bei yake, ongeza buku."

"Si tulishapatana?"

"Tulipatana mtu."

Hebu niambie unabishanaje na mtu uliyempanda. Nikajitutumua nikasema basi nishushe, akaniuliza "nikushushe?" kwa upole sana, ule upole wa mtu anayelijua jibu. Nikaongeza buku. Muda huo huo mkokoteni ukatupita, mama mmoja mtu mzima amekaa juu ya tenga kama yuko sebuleni kwake, akanitazama akawaambia wenzake, "Jamani huyu mkubwa hivi bado yuko kwenye mbeleko?" Wakacheka mpaka wakavuka.

Hatua chache mbele ndala yake ikanasa kwenye tope. Akainama kuivuta, akasahau kwamba ana abiria, mimi nikaanza kuserereka kuelekea kisogoni kwake, nikainua keki juu, nikafumba macho, nikataja majina yote ya Mungu ninayoyajua, miguu ikagusa chini.

Maji yakanifika magotini. Chini ya magoti kidogo, nisiwe muongo.

Namwangalia yeye, kiunoni. Najiangalia mimi, magotini. Ndo akili ikanirudi, jamaa muda wote huo alikuwa anatembea amechuchumaa! Amechuchumaa na mimi mgongoni, na keki, na bei anapandisha! Akanyanyuka taratibu, anarefuka tu, anarefuka, mwisho namtazama kwa juu. Nilitaka kukasirika nikashindwa, mapaja yale yalistahili hata buku tano.

Moka ya kushoto ikabaki humo humo. Kaitafuta kwa mguu weee hakuipata, ila ndala yake aliipata, akanipa. "Chukua braza, hiyo bure."

Lakini keki ilikuwa kavu kabisa, haijaguswa na tone. Nikachukua bajaji ng'ambo ya pili kifua mbele. Sasa ile joto ya Dar baada ya mafuriko, maji chini, jua juu, hewa imesimama, na foleni ya Magomeni siku hiyo haisogei kwa sababu kila gari lililozuiwa limerundikana huko, tulikaa ndani ya ile bajaji kama vitumbua kwenye chungu. Nikahisi kitu kinatiririka pajani, nikasema hayo ni mabaki ya Msimbazi.

Hayakuwa ya Msimbazi. Ilikuwa krimu.

Shangazi akanipokea mlangoni, shikamoo hakuitikia, macho yako kwenye boksi, akalibeba moja kwa moja mpaka mbele ukumbini huku ameshashika maiki. Ile keki ilikuwa imeandikwa HONGERA. Sasa HO ilishaporomoka upande huu, RA upande ule, pale katikati yakabaki maandishi ya pinki makubwa yamenyooka vizuri kabisa. Na shangazi bila miwani husoma kwa kupaza sauti.

"Nge," akasema kwenye maiki. Kimya. "Jamani, nge?"

Wifi mtarajiwa wa dada alikuwa wa kwanza kupanda juu ya kiti, wenzake wakafuata, vitenge vimekunjwa, mayowe, viti vinaanguka, kila mtu anakung'uta nguo yake. Mimi mlangoni, mguu mmoja moka mguu mmoja ndala, napungia bodaboda.