Sahani ya Pauni Laki Moja na Jina Lililofunikwa

Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba sahani moja ya santuri, ya inchi saba tu, imeuzwa Uingereza kwa pauni 100,000. Ni "Do I Love You (Indeed I Do)" ya Frank Wilson, ya kampuni ya muziki ya Motown ya Detroit, Marekani, mwaka 1965. Zilitengenezwa nakala chache za majaribio, wimbo haukuingia sokoni, na karibu zote zikaharibiwa. Wilson akaendelea kutunga na kusimamia nyimbo za wenzake.

Wakusanyaji wa sahani za soul, muziki wa Wamarekani weusi, hupenda kujiita waokoaji, na kwa sehemu ni kweli. Marekani ya miaka ya 1960 ilijaa kampuni ndogo zilizotoa sahani chache, zikafilisika, mzigo ukabaki maghalani. Waliozitafuta ni vijana wa kaskazini mwa Uingereza. Pale Wigan Casino, ukumbi wa dansi, kuanzia 1973 hadi 1981, walicheza usiku kucha mpaka saa mbili asubuhi, tena kwa nyimbo ambazo Wamarekani wenyewe walikuwa wameshazitupa. Bila wao nyingi zingepotea.

Ila kuna jambo hawalitangazi sana. Heshima ya dijei ilikuwa kumiliki sahani ambayo mwenzake hana, basi akiipata alibandika karatasi juu ya lebo na kumzulia mwimbaji jina. Wimbo wa Wilson ulichezwa hivyo, watu wakiambiwa anayeimba ni Eddie Foster! Kisha zikaja nakala za wizi zenye jina hilohilo la bandia. Mtu kaimba, ukumbi mzima unarukaruka kwa sauti yake, na jina lake limefunikwa makusudi ili mwingine asijue cha kutafuta. Huo ni uokoaji wa aina gani?

Na zile pauni laki moja? Sahani kuukuu ikiuzwa, pesa hupita kati ya muuzaji na mnunuzi. Mwimbaji na mtunzi hawaambulii kitu. Ndiyo maana nawaheshimu zaidi wanaotoa upya nyimbo hizi kwa leseni, kama kampuni ya Kent ya London tangu 1982, kuliko mwenye kabati la nakala za kwanza. Najua jibu la wakusanyaji: nakala ya kwanza ni ushahidi wa historia. Sawa. Hata mimi hupenda kuinamisha sahani kwenye mwanga nisome namba zilizochorwa karibu na lebo, maana hapo ndipo feki nyingi hujulikana. Lakini ushahidi uliofungiwa kabatini unamshuhudia nani?

Mwaka 1979 Tamla Motown, jina la Motown nchini Uingereza, waliutoa wimbo wa Wilson rasmi huko. Bei ya nakala hiyo haikaribii hata kidogo ile ya laki moja, na kwenye lebo pameandikwa Frank Wilson. Ningechagua hiyo.