Kipimo Kwanza, Nishani Baadaye

Kati ya Oktoba 20 na Desemba 12, Nairobi huwa na msimu wa kutaja mashujaa. Majina husomwa, wengine wakaongezewa vifupisho vya nishani za taifa kama EGH, MBS au HSC, na orodha yenyewe kwa kawaida haikosi wakubwa wa ofisi. Wakati huohuo nchi inajipanga kujenga mtambo wake wa kwanza wa nyuklia. Uyombo, Kilifi, ilitajwa kwanza na wenyeji wengi wakaupinga mpango. Sasa Siaya ndiyo inayozungumzwa. Huu basi ni wakati mzuri wa kuuliza: wafanyakazi wanaobaki ndani mtambo unapoharibika waenziwe vipi? Je, nishani ndiyo jibu, au inafunika jambo kubwa zaidi?

Tuanze na kazi yenyewe, maana neno "ushujaa" huificha. Machi 11, 2011, tsunami ilipoingiza bahari katika mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi, Japani, jenereta za dizeli zilizokuwa vyumba vya chini zilizama. Umeme ulikatika na vipimio katika vyumba vya udhibiti vikazimika. Mafundi waling'oa betri za magari yaliyoegeshwa nje. Kipimio cha volti 24 kilihitaji betri 2 zilizounganishwa mfululizo. Valvu ya kushusha presha ya kinu, inayotumia volti 120, ilihitaji 10. Betri moja ikiunganishwa kinyume, hesabu yote inavurugika, nao walikuwa wakifanya kazi kwa mwanga wa tochi.

Kesho yake ilibidi valvu za kutoa mvuke kwenye kinu namba 1 zifunguliwe kwa mkono. Timu ziliundwa za watu wawili wawili, kutoka kwa wasimamizi wa zamu na manaibu wao. Vijana waliachwa nje makusudi. Timu ya kwanza iliifungua valvu yake kwa asilimia 25 ikarudi. Ya pili iligeuka njiani kwa sababu mionzi ilikuwa kali kiasi cha kuwapitisha kikomo cha milisivati 100 (milisivati ni kipimo cha mionzi inayompata mtu). Kugeuka huko hakusifiwi sana, ingawa ndiyo nidhamu tunayoitaka: mtu kusoma kipimo na kukitii. Ukimtuza tu aliyesonga mbele, unamfundisha anayefuata kupuuza king'ora cha kipimio cha mionzi kilicho kifuani mwake. Na ilitokea kweli. Machi 24, wafanyakazi 3 waliokuwa wakitandaza nyaya katika jengo la turbini la kinu namba 3 waliendelea kufanya kazi vifaa vyao vikilia, wakidhani vina hitilafu. Maji waliyosimama ndani yake yalikuwa na mionzi, na miongoni mwao wapo waliokuwa wamevaa viatu vifupi.

Wanaotetea heshima ya hadharani wana hoja nzito. Ya kwanza ni unyanyapaa. Wafanyakazi wa Fukushima walitukanwa kwa sababu ya sare ya kampuni yao, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa zimesombwa na tsunami. Waziri Mkuu Yoshihiko Noda alipokutana na baadhi yao Oktoba 2012 kuwashukuru, wengi hawakutaka majina wala sura zao zijulikane. Hapo neno la serikali lina kazi ya kufanya: linamwambia jirani kwamba huyu si mkosaji. Hoja ya pili ni kujitolea. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mfanyakazi wa dharura kufikia milisivati 500 pale tu anapookoa maisha au kuzuia janga kubwa, tena kwa hiari, akiwa amefunzwa na kuelezwa hatari mapema. Kwa mwaka wa kawaida kikomo ni 20 kwa wastani wa miaka 5, na hakuna mwaka unaoruhusiwa kupita 50. Mtu anayeombwa kukubali mara 25 ya kiasi hicho cha 20 ana haki ya kujua kwamba nchi haitajifanya haimjui.

Upande wa pili nao una uzito, na kwangu ndio unaosahaulika zaidi. Heshima huchagua wachache. Jina la "Hamsini wa Fukushima" lilitoka kwa vyombo vya habari vya nje, baada ya watu wapatao 650 kuhamishwa Machi 15 na takriban 70 kubaki. Hesabu haikuwa sahihi hata siku hiyo. Kufikia Oktoba 2012, karibu watu 25,000 walikuwa wamefanya kazi pale, wengi wao wa wakandarasi. Kibarua aliyebeba mabomba mwezi wa sita hayumo kwenye simulizi ya hamsini.

Kisha heshima hupenda kifo. Chernobyl, mtambo wa Ukraine uliolipuka mwaka 1986, wanaume 3, Oleksiy Ananenko, Valeriy Bezpalov na Boris Baranov, waliingia chini ya kinu namba 4 kufungua valvu za kutolea maji. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba walikufa ndani ya wiki chache. Hawakufa. Baranov alifariki 2005 kwa moyo, na Ukraine iliwapa nishani ya ujasiri 2018, wawili wakiwa hai. Hadithi ya kifo iliwafaa wasimuliaji kuliko wahusika, kwani mtu aliyekwisha kuzikwa haulizwi kama anapata matibabu.

Tena nishani haijui kushughulika na mikono yenye masizi. Masao Yoshida, meneja wa Fukushima Daiichi, aliagizwa kusimamisha maji ya bahari yaliyokuwa yakipoza kinu. Akaitikia mbele ya wakubwa, na maji yakaendelea kuingia. Wengi wanaona uamuzi huo ulikuwa sahihi; kampuni ilimwonya kwa mdomo. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyeongoza idara ya makao makuu mwaka 2008, pale hesabu iliyoonyesha tsunami ya mita 15.7 ilipowekwa kando. Alikufa kwa saratani ya umio Julai 2013, akiwa na miaka 58, na kampuni ikasema haielekei kuwa imetokana na mionzi. Umpe nishani? Ningempa, kwa ile kazi ya Machi, huku faili ya 2008 ikiendelea kusomwa. Ukraine ilifanya jambo la jinsi hiyo 2008 ilipomtuza, baada ya kifo chake, Leonid Toptunov, aliyekuwa kwenye vidhibiti vya Chernobyl usiku wa mlipuko. Nishani ikitumika kufunga uchunguzi, inakuwa bei ya kununulia ukimya.

Hata hivyo, kwangu swali la nani anastahili linakuja nyuma ya lingine: nani alipimwa? Fukushima, maji yaliharibu dosimita, yaani vipimio vya mionzi vya kuvaliwa, zipatazo 5,000 zikabaki takriban 320. Kwa wiki kadhaa kiongozi wa kundi alivaa moja, na wenzake wakaandikiwa kiasi hichohicho kwa kukisia. Aliyesimama mita 2 kutoka kwake, karibu na kifusi, huenda alipata zaidi, na hakuna karatasi itakayomtetea. Waliopata kiasi kikubwa kabisa, kuanzia milisivati 678 kushuka, wengi hawakuwa juu ya paa wala kwenye moshi. Walikuwa vyumba vya udhibiti, na sehemu kubwa iliingia kwa pumzi: iodini hewani, barakoa zilizochelewa, watu wakila na kunywa palepale. Barakoa ikivaliwa juu ya miwani huacha mwanya kwenye fremu, na mwanya huo unatosha. Tembe za iodini hufaa zikimezwa kabla ya kuvuta hewa hiyo au saa chache tu baadaye. Zikitolewa kesho yake faida yake ni ndogo mno.

Kwa hiyo Nairobi ikiandika kanuni zake, ianze na ghala kabla ya jukwaa. Dosimita za akiba zihifadhiwe mahali pa juu, mbali na mtambo. Barakoa zipimwe usoni kwa kila mtu kabla ya dharura. Daftari la mionzi litunzwe na mdhibiti, lisiachwe kwa mkandarasi ambaye miaka 10 baadaye atakuwa amefunga ofisi. Sheria yetu ya fidia kazini ya 2007 inafikia mshahara wa miezi 96 kwa kifo au ulemavu wa kudumu, lakini iliandikwa kwa macho ya kidole kilichokatwa na mtu aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Saratani haina tarehe ya ajali. Itahitaji kifungu chake, chenye kiasi na muda unaotosha kudai bila mgonjwa kutakiwa kuthibitisha chanzo.

Japani ina kipimo cha namna hiyo kwa lukemia, saratani ya damu: milisivati 5 kwa kila mwaka wa kazi, na ugonjwa uanze angalau mwaka mmoja baada ya kazi ya kwanza yenye mionzi. Oktoba 2015 kilimfaa mfanyakazi ambaye hakuwa miongoni mwa waliobaki Machi 15. Alikuja 2012, akashiriki ujenzi katika majengo ya vinu, na akaandikiwa milisivati 16 hivi pale Daiichi. Wizara ya kazi ya Japani ilisema wazi kwamba haithibitishi mionzi ndiyo iliyomuuguza. Hakuna aliyemwita shujaa. Fidia alilipwa, kwa sababu namba zake zilikuwa zimeandikwa.